Kanda Nne za Kiingereza

Kiingereza kimenichosha. Nimekifundisha, nimekiandika kwenye barua za watu wengine, nimekitumia kuombea kazi nisizopata, na hata sasa nikikisikia redioni asubuhi naona kama mtu amenitwisha tena mzigo nilioutua jana. Wapo wanaodhani nasema hivi kwa dharau. Si dharau, ni uchovu, na uchovu wenyewe una mahali ulipoanzia. Ulianzia katika chumba cha maboksi cha kiwanda kimoja cha samaki kule Nyakato, Mwanza, miaka ile ya tisini.

Kabla ya hapo nilikuwa karani wa chama cha ushirika wa pamba. Zilipokuja enzi za ruksa, wanunuzi binafsi waliingia vijijini na mizani zao, chama kikadhoofika, na sisi makarani tukapunguzwa. Ndivyo walivyosema, kupunguzwa, kana kwamba tulikuwa maji yaliyozidi kwenye ugali. Nikakaa nyumbani Igoma miaka miwili. Asubuhi mke wangu alijitwika vitenge vyake akaenda kuuza mjini, nami nikabaki nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Majirani walikuwa na adabu, hawakuniuliza kitu. Ningependa wangeniuliza, maana kule kunyamaza kwao ndiko kulikoniambia kwamba wanajua.

Viwanda vya samaki vilikuwa vinaota kando ya ziwa miaka hiyo. Sangara alikatwa minofu, minofu ikapangwa kwenye barafu, ikapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa, mfupa na mkia. Silalamiki. Panki likikaangwa vizuri na ndimu ikapatikana, mtu anakula na kusahau. Ila nilikuwa nikiiona ndege ikipita juu ya Igoma nawaza kwamba samaki wetu anafika kwenye meza za watu ambao sisi wenyewe hatuwezi kuwaambia hata habari za asubuhi.

Meneja wa kiwanda hicho alisikia kutoka kwa mtu tuliyesali naye kwamba niliwahi kufundisha Kiingereza sekondari miaka mitatu kabla sijaenda kwenye pamba. Akaniita. Alikuwa mtu wa haraka, wa kula amesimama. Alinieleza kwamba wanunuzi wa Ulaya watatuma wakaguzi, na kwamba safari hii wakaguzi hao hawataki kuzungumza na ofisi. Wanataka kumuuliza mfanyakazi mwenyewe pale pale mezani: samaki huyu amefika saa ngapi, ana ubaridi kiasi gani, umenawa mikono lini. Kwa hiyo kutakuwa na msimamizi wa ubora katika chumba cha kukatia, atatoka miongoni mwa wakataji, na lazima ajibu kwa Kiingereza bila mkalimani. Kazi yangu ilikuwa kumpata mtu huyo na kumwandaa kwa miezi mitatu. Akanikabidhi redio kaseti mpya na boksi lenye kanda nne zilizotoka ng'ambo, akasema teknolojia hiyo ndiyo inayofundisha dunia nzima siku hizi, mimi kazi yangu ni kubonyeza tu.

Nilianza na wanafunzi sita, saa kumi jioni, zamu ya mchana inapotoka. Tulikaa juu ya marundo ya maboksi yasiyokunjwa bado. Baada ya wiki mbili wakabaki watatu. Hawakuwa wavivu. Mtu aliyesimama kwenye sakafu ya maji tangu saa moja asubuhi, ukimkalisha mahali pakavu atalala, na mimi nilikuwa nafundisha watu waliolala. Mara mbili nilisinzia mwenyewe, kanda ikaendelea kuyafundisha maboksi.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha alibaki mmoja tu. Alikuwa mama wa Kikerewe, makamo ya mama yangu mdogo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amekata minofu tangu siku ile kiwanda kilipofungua milango. Wenzake walikuwa wakimletea samaki waliyemtilia shaka, naye anambonyeza kwa kidole gumba, anainua shavu kutazama rangi ya ndani, anasema huyu ametoka majini jana mchana, huyu ni wa juzi, huyu walimfufua kwa barafu. Kipimajoto cha ofisi kilikuja baadaye kukubaliana naye.

Siku ya kwanza tulipobaki wawili alinieleza jambo lake bila kuzunguka. Alinyoosha mkono wa kulia juu ya boksi, akajaribu kukunja ngumi, na vidole viwili havikukunjika. Alisema baridi imeingia kwenye mifupa. Kwa miezi kadhaa alikuwa anashika kisu kwa kiganja, na alikuwa ameomba meza ya pembeni ili asionekane. Kibarua wa kisu akipungua kasi huambiwa apumzike, na aliyeambiwa apumzike haitwi tena. Nyumbani alikuwa na wajukuu watatu walioachwa na binti yake aliyefariki.

"Mwalimu," aliniambia, "nataka nitoke kwenye kisu kabla kisu hakijanitoa. Hiyo kazi ya ubora ni ya macho na mdomo. Macho ninayo. Wewe nipe mdomo."

Sikuwahi kupewa kazi iliyoelezwa vizuri namna hiyo. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikatembea wima kidogo.

Shida ilikuwa kanda. Ndani yake alikaa mwanamke wa Kiingereza, sauti safi kama sahani iliyooshwa sasa hivi, akiuliza kama treni ya saa tatu imeondoka, kama mvua itanyesha, nani ameuchukua mwavuli wake. Aliuliza, akanyamaza kidogo mwanafunzi ajibu, kisha akajijibu mwenyewe na kwenda mbele. Sasa yule mama alikuwa amelelewa vingine. Kwao, na kwetu pia, mtu akikuuliza jambo humrukii. Unamwacha amalize, unanyamaza kwanza kuonyesha kwamba umelipokea neno lake, ndipo unajibu. Ule unyamavu wake wa adabu ulikuwa unaumaliza unyamavu wote wa kanda. Kila alipofungua mdomo, mwanamke yule alikuwa ameshajijibu na kufika kwenye swali jingine.

Nilimweleza kwamba hiyo ni mashine, haina haja ya kuheshimiwa. Alikubali kwa kichwa, na swali lililofuata akanyamaza vile vile. Hakuweza kuiacha adabu hiyo, imo mwilini kama namna ya kutembea.

"Huyu hanisubiri," alisema siku moja, bila hasira. "Tena majibu anayo. Sasa ananiuliza nini?"

Basi nikawa nabonyeza kitufe cha kusimamisha, nasubiri, naachia, nabonyeza tena. Kitufe kikalegea. Umeme ukawa wa mgao, tukaingiza mawe ya redio, yaani betri, na mawe yakichoka yule mwanamke alianza kuongea kwa sauti nzito ya kiume, akivuta maneno kama mlevi. Nikayaanika mawe juu ya bati, yakapata nguvu ya siku moja. Na jioni baada ya jioni nilimsikiliza mtu huyu wa ng'ambo akiulizia mwavuli. Nilianza kumchukia. Nasema waziwazi, nilimchukia. Alikuwa na lugha yote, hakuchoka, hakupunguzwa kazi, na mwanafunzi wangu alinitazama mimi kila baada ya swali ili nimwambie yule kasema nini. Ikiwa mwishowe ni mimi ninayeeleweka, nilijiuliza, huyu wa nini?

Kanda za namna ile huja zikiwa zimevunjwa vile viplastiki viwili vya mgongoni, ili mtu asizifute kwa bahati mbaya. Dawa yake Mwanza nzima ilijulikana. Unakunja karatasi, unaziba matundu, na kanda inakubali kurekodiwa upya. Vijana walifanya hivyo na kanda za mahubiri, wakaweka muziki. Jumapili moja baada ya ibada nilichana kona ya kalenda, nikaziba matundu, nikafunga mlango wa chumba chetu pale Igoma, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuanza kusema.

Kanda tupu zilikuwepo madukani Nyamagana. Ningeweza kumwomba meneja ninunuliwe, wala asingekataa. Sikumwomba, kwa sababu nilitaka kumnyamazisha yule mwanamke. Hilo nimechukua miaka mingi kulikubali.

Nilirekodi Jumapili mbili, kanda zote nne, pande zote mbili. Niliacha treni na mwavuli, nikaweka samaki: barafu imewekwa lini, maji ya kuoshea yana dawa kiasi gani, nani amepima ubaridi. Baada ya kila swali nilihesabu moyoni mpaka kumi ili yule mama apate kunyamaza kwa adabu na muda wa kujibu ubaki. Nyuma ya sauti yangu ilisikika mashine ya kusaga ya jirani. Sarufi ilikuwa sahihi, naweza kuapa. Ila ilikuwa sauti yangu: taratibu, kila neno limesimama peke yake kama watu kwenye foleni ya sukari, na zile herufi mbili, l na r, ambazo sisi Wasukuma huwa tunazibadilishana zikipokezana zamu kama kawaida.

Matokeo yake yalinifanya niamini kwamba nimegundua kitu. Mama akaanza kujibu. Wiki ya kwanza maswali matano, wiki ya tatu maswali yote ya kanda ya kwanza. Alikuwa anaomba redio saa ya chakula, anaiweka kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, anasikiliza huku anachambua panki. Wenzake wakazoea kunisikia nikiwauliza habari za barafu wakati wanakula. Waliniita mwalimu wa ndani ya redio, wakacheka, nami nikafurahi kuchekwa. Hata nilianza kubadilisha mpangilio wa maswali ili nisije nikawa nimemkaririsha, na bado alijibu. Hakukariri. Alikuwa anaelewa, na alipoelewa jambo uso wake ulikuwa unatulia kama wa mtu aliyewekewa kiti.

Siku kumi kabla ya ugeni meneja alikuja kumjaribu. Alinipa karatasi ya maswali, nikamuuliza yule mama moja baada ya jingine, na yeye akajibu yote akiwa amesimama, mikono ameifunga mbele. Meneja hakukaa hata kidogo, lakini alisikiliza mpaka mwisho. Akasema huyu ndiye, aandaliwe koti jipya. Mama alilipokea koti kwa mikono miwili, na lile lake la zamani akampa mwenzake wa meza ya kukatia, kwa kuwa hatalihitaji tena. Sikuona hatari yoyote. Nilikuwa nimeambiwa mimi niulize, na ilikuwa sauti ile ile ya kwenye kanda.

Wageni walifika wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa makoti meupe, kofia na mabuti, wamekanyaga maji ya dawa mlangoni kama sisi. Mama alikuwa amesimama kichwani mwa meza ndefu na kipimajoto mfukoni. Mimi nilisimama ukutani na meneja. Yule mkaguzi mwanamke alimsogelea akitabasamu, akauliza swali la kwanza.

Mama akanyamaza. Nilijua kunyamaza kwake, nikahesabu moyoni. Nilifika kumi. Nilifika kumi na tano. Mkaguzi akauliza tena kwa sauti ya juu zaidi na kwa haraka ile ile, maneno yake yakimiminika pamoja yote, na hapo ndipo nilipolitambua. Lilikuwa swali la kanda ya kwanza, upande wa kwanza. Aliuliza samaki hawa wamepokelewa saa ngapi. Mama alilijua swali hilo kuliko mtu yeyote ndani ya kiwanda, na hakuwa amelisikia. Alichosikia ni kelele ya mgeni.

Alimtazama mkaguzi mdomoni, kisha akanigeukia.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili, polepole, "mwambie aseme kama wewe."

Nikalirudia swali kwa Kiingereza changu. Mama akajibu hapo hapo, kwa Kiingereza, jibu kamili: wamepokelewa saa kumi na moja alfajiri, akaongeza na kiwango cha ubaridi bila kuulizwa. Mkaguzi akacheka, kicheko kizuri, hakikuwa na ubaya. Akaandika. Lakini swali la pili hakumuuliza mama. Aliniuliza mimi, akinitazama mimi, na mimi nikamuuliza mama, na mama akajibu, na mimi nikarudisha. La tatu hivyo hivyo. Kufikia la nne nilikuwa nalijua jibu, nikajibu mwenyewe. Lile la nne ndilo linalonisumbua. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimechoka kupokea na kurudisha, na mkaguzi alikuwa anasubiri, na jibu lilikuwa mdomoni. Nikajibu na la tano. Mama akarudi nyuma hatua moja, akatupisha.

Wageni walipoondoka meneja alinishika bega. Alisema tumepata mtu wetu wa ubora, nianze Jumatatu, kazi ya kudumu, mkataba ataandaa. Nilimwambia kwamba mama ndiye anayemjua samaki. Nilisema sentensi hiyo moja. Akanijibu vizuri tu kwamba basi nitakuwa namuuliza yeye, kisha nawajibu wao. Miaka miwili ya kufagia uwanja ilikuwa imesimama nyuma yangu, nikaiogopa. Ningeweza kusema sentensi ya pili. Nimeitunga mara nyingi tangu siku ile, nina matoleo yake kama ishirini, kwa lugha zote tatu ninazozijua.

Jioni ile alinifuata kwenye chumba cha maboksi. Hakuwa na koti jipya, alikuwa amekwisha kulirudisha stoo. Hakunilaumu. Ningeshukuru angenilaumu. Alikaa kwenye boksi lake la siku zote akasema ameona alipokosea, alizoea sauti moja tu, na anaomba tuanze upya.

"Nipe zile kanda za yule mama wa Kizungu," alisema. "Nitamzoea hivyo hivyo na haraka yake. Wageni watarudi tena, si ndiyo?"

Nilimwambia hazipo. Hakunielewa, akadhani zimefungiwa ofisini, akasema ataziomba mwenyewe kwa meneja kwa heshima. Ikabidi nimweleze kwamba zile kanda anazozisikiliza kila siku ndizo hizo hizo, kwamba nilimfuta yule mwanamke nikajiweka mimi.

"Zote?" aliuliza.

"Zote nne."

Alikaa kimya. Kimya hiki sikuweza kukihesabu. Kisha akafunga kitambaa chake kichwani, akasema basi, jua linazama, na wajukuu wanamsubiri. Nilitaka kumwambia kwamba nilifanya kwa ajili yake. Ilikuwa kweli nusu, na nusu ile haikutosha kufungulia mdomo.

Nyumbani mke wangu aliposikia habari ya kazi alipiga magoti palepale jikoni akamshukuru Mungu. Sikumwambia kazi ilikuwa ya nani. Alinunua kuku, nikala.

Kwenye kazi ile nilikaa miaka tisa. Wakaguzi walikuja na kuondoka, nikajifunza kuwasikiliza, nikajifunza hata kuharakisha maneno kama wao. Yule mama alibaki mezani na kisu chake mpaka msimu uliofuata, alipoambiwa apumzike. Mimi ndiye niliyepewa orodha niisome, na nikaisoma.

Lakini siku ninayoirudia si hiyo. Ni ile Jumatatu ya kwanza. Nilifika mapema, nikavalishwa koti jeupe lenye mkunjo wa pasi, nikapewa ubao na kipimajoto, nikaingia chumba cha kukatia. Wakataji walikuwa wamekwishasimama kwenye meza zao. Yule mama alikuwa kwenye meza ya pembeni, ameshika kisu kwa kiganja. Umri wake ni wa kunizaa. Nilikuwa nimepanga tangu nyumbani kwamba nitakwenda moja kwa moja kwake nimwamkie kwanza, mbele ya wote, ili ijulikane. Nilimkaribia, nikafungua mdomo, na sijui nilikuwa nawaza nini, nikachelewa. Akaweka kisu chini, akafuta mkono kwenye aproni, akainamisha kichwa kidogo kama anavyofanya mtu mbele ya mkubwa wake wa kazi.

"Shikamoo, mwalimu," aliniambia.

Sikungoja hata nihesabu moja. Nikaitikia marahaba, nikatazama kipimajoto, nikaandika.